Kiingereza cha uzamifu hakimezwi usiku mmoja, uliza walio Moiben

Sh28,000. Hizo ndizo pesa unazotoa ili ukae mbele ya kompyuta kwa saa mbili kasoro dakika mbili, uandike insha, upige hesabu na uulizwe maneno ya Kiingereza ambayo hujawahi kuyasikia hata kwenye taarifa ya habari. Ada ya mtihani wa GRE ni dola 220 za Marekani. Kwa mkulima wa Moiben anayeuza gunia la kilo 90 kwa Sh3,500, hayo ni magunia manane ya mahindi. Manane, bana! Na ukianguka, hakuna wa kukurudishia hata debe moja.

Ndiyo maana leo nataka tuongee kuhusu mtihani huu na wenzake kama IELTS, hasa pale panapowaumiza wengi: msamiati na kusoma kwa ufahamu. Kama unapanga kwenda ughaibuni kwa uzamifu, au una dada, kaka ama rafiki anayepanga, hii ni yako.

Niko Kimumu, kando ya barabara ya kwenda Iten. Kwenye ramani ya kura hapa ni eneobunge la Moiben, lakini kwa macho ni mjini kabisa: vyumba vya kukodisha vimebanana, vibanda vya chapo na maharagwe kila kona, bodaboda hadi usiku wa manane. Ukisonga mbele kupita Sergoit hadi Moiben yenyewe, unakutana na mahindi na ngano hadi macho yachoke. Pande zote mbili kuna watu wanaoutaka udaktari wa vitabu. Mwalimu wa sekondari. Afisa wa kilimo. Msaidizi wa maabara ambaye ana shahada ya uzamili na bado analipwa kama mtu wa diploma.

Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, kwa hivyo usinitafutie digrii ukutani. Nilichobaki nacho ni laptopu moja, mazoea ya kusoma chochote kilichoandikwa, na wateja wachache ambao nawatengenezea kadi za maneno na kuwashikia saa wakifanya mazoezi. Watu wenye shahada mbili wanakuja kwa mtu asiye na hata moja, na hakuna anayeona haya. Nimekaa nao vya kutosha kujua ni nini humwangusha msomi, na mara nyingi si uchache wa akili.

Kwa nini watu wanasota hivi

Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ilitoa miongozo iliyofanya uzamifu kuwa sharti la kuwa mhadhiri, na waliokuwa kazini wakapewa miaka mitano wajipange. Kuanzia hapo, shahada ya uzamili iliyokuwa mlango ikageuka kuwa kizingiti tu. Ukitaka kufundisha chuo kikuu, itabidi uitwe Daktari.

Unaweza kuisomea hapa nyumbani, na wengi wanafanya hivyo. Shida ni mfuko. Karo unailipa mwenyewe, utafiti unaugharamia mwenyewe, na msimamizi wako naye ana matatizo yake. Mwaka 2024 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Moi waligoma kwa miezi, na wanafunzi wakabaki nyumbani wakihesabu siku. Marekani mambo ni tofauti kidogo: katika idara nyingi, hasa za sayansi, anayekubaliwa kwa uzamifu hulipiwa karo na kupewa posho, naye hufundisha au kusaidia katika utafiti. Hapo ndipo Sh28,000 inapoanza kuonekana ndogo.

Na si jambo geni kwetu. Mike Boit, aliyeshinda medali ya shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki za Munich mwaka 1972, hakuishia uwanjani. Alisoma Marekani hadi uzamifu na akarudi kufundisha chuo kikuu. Mwaka 2004 yeye na John Manners walianzisha KenSAP, mradi ulioanza kwa kuwaandaa wanafunzi wa Bonde la Ufa kwa mtihani wa SAT ili wajiunge na vyuo vikuu vya Marekani kwa shahada ya kwanza. Njia hiyo imekanyagwa kitambo. Kinachobadilika kwa uzamifu ni ukali wa mtihani na umri wa mtahiniwa: unakuta mtu ana miaka 34, ana watoto wawili, ng'ombe wa kukamua saa kumi na moja alfajiri, na vipindi 27 darasani kwa wiki.

Tulichapwa kwa Kiingereza, sasa tunapimwa Kiingereza

Kabla hatujaingia kwenye mbinu, acha niseme linalowakera wengi. Katiba ya 2010 inasema Kiingereza ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiswahili. Tangu darasa la nne masomo karibu yote tuliyafanya kwa Kiingereza. Shule nyingi zilikuwa na diski: ukishikwa ukiongea lugha ya mama, unavishwa, na jioni unalipa kwa makalio. Baada ya hayo yote, ukitaka kwenda kusoma Uingereza utakuta serikali yao ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawahitaji kuthibitisha Kiingereza chao kwa ajili ya viza. Jamaica imo. Malta imo. Kenya haimo.

Wanigeria waliwahi kulikataa jambo hili hadharani. Mwaka 2021 kikundi cha Policy Shapers, kikiongozwa na Ebenezar Wikina, kilianzisha kampeni ya kudai Waafrika kutoka nchi zinazotumia Kiingereza waondolewe mzigo wa IELTS. Kelele zilisikika, na vyuo kadhaa vikaeleza wazi njia nyingine wanazozikubali.

Kichekesho kikubwa kiko hapa hapa mtaani. Kuna vijana Wakenya wanaokesha wakiandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Marekani na Uingereza, kwa malipo. Filamu ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, ilimfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford akiichunguza biashara hiyo Nairobi. Kijana anaandika Kiingereza kinachompa mtu mwingine digrii London, lakini yeye akiomba nafasi, anaambiwa athibitishe kwamba anajua Kiingereza. Wacha tu.

Hasira hiyo ni halali. Lakini hasira haijawahi kumjazia mtu alama. Tuitumie kama petroli tu, kisha tuendeshe gari.

Kwanza uliza, ndipo ulipe

Ushauri wa kwanza hauhusu hata neno moja la Kiingereza. Kabla ya kutoa shilingi, ingia kwenye ukurasa wa idara unayoitaka, si wa chuo tu, usome masharti. Idara nyingi za Marekani ziliacha kudai GRE, hasa kuanzia mwaka 2020 wakati wa korona. Nyingine zinasema ni hiari. Baadhi ya vyuo vya Uingereza hukubali alama yako ya Kiingereza ya KCSE, au barua ya chuo chako kwamba ulisoma shahada kwa Kiingereza. Usipoelewa, andika barua pepe uulize. Swali moja la adabu linaweza kukuokolea magunia manane.

Ukikuta kwamba mtihani ni lazima, ujue ni upi, kwa sababu hii mitihani haifanani.

GRE ilifupishwa Septemba 2023. Sehemu ya lugha ina maswali 27 yaliyogawanywa mara mbili: 12 kwa dakika 18, halafu 15 kwa dakika 23. Hiyo ni kama dakika moja na nusu kwa kila swali. Ukifanya vizuri sehemu ya kwanza, ya pili inakuwa ngumu zaidi, kwa hivyo ukihisi imeanza kuuma, usiogope, huenda ni habari njema. Alama ni kati ya 130 na 170. Kuna aina tatu za maswali: kujaza mapengo, kuchagua maneno mawili yanayoipa sentensi maana moja, na kusoma vifungu. Hakuna kupunguziwa alama kwa kukosea, kwa hivyo kuacha swali wazi ni kujinyima mwenyewe. Matokeo hudumu miaka mitano.

IELTS ya kitaaluma ina kipande cha kusoma cha dakika 60: vifungu vitatu virefu, maswali 40, alama hadi 9. Haikuulizi maneno ya ajabu sana, ila inakimbia. Matokeo yake hudumu miaka miwili, kwa hivyo ukiifanya mapema mno inaweza kukuozea mkononi kabla hujapata chuo.

Kwa kifupi, GRE inataka kujua kama unaelewa maneno mazito na hoja zilizokunjamana. IELTS inataka kujua kama unaweza kupata jibu haraka bila kupotea. Ukijiandaa kwa moja ukidhani ni nyingine, utalia.

Msamiati: acha kumeza kamusi

Kosa ninaloliona kila mara ni hili: mtu anapakua orodha ya maneno 3,500, anaanzia herufi A, na kufikia wiki ya pili bado yuko A. Anajua "abate" na "aberrant" kama jina la mamake, lakini B hajaigusa. Wiki ya tatu ameacha.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu. Aligundua kwamba tunachojifunza hupotea haraka sana mwanzoni, lakini kila tukikirudia baada ya muda, kinakaa zaidi. Kutokana na wazo hilo ndipo zikaja kadi za kurudia kwa vipindi. Simu ya Android inaweza kuweka Anki bila malipo na ikakupangia yote. Huna nafasi kwenye simu? Kata katoni ya biskuti vipande vidogo. Neno upande mmoja. Upande wa pili sentensi moja na maana kwa Kiswahili au Kikalenjin, lugha yoyote inayogusa roho yako. Kisha tafuta makopo matatu. Kopo la kwanza unalisoma kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu mara moja kwa wiki. Neno ukilijua linapanda kopo. Ukilisahau linarudi la kwanza. Haina huruma, lakini inafanya kazi.

Mwalimu mmoja wa kemia ninayemsaidia, wa kule Moiben, huweka kopo lake la kwanza kwenye zizi. Anakamua huku kadi imechomekwa kwenye ubao mbele yake. Nilimuuliza siku moja kama ng'ombe hawamsumbui.

"Wewe kijana, hawa ndio wanafunzi pekee wasionipigia kelele," akanijibu.

"Na kadi ikilowa maziwa, mwalimu?"

"Naandika nyingine. Nikiandika mara ya pili ndipo inashika."

Jambo la pili: yaogope zaidi maneno unayofikiri unayajua. Maneno mageni kabisa utayatambua kama mageni. Yanayoua ni haya ya kila siku yenye maana ya pili. Chukua "husband". Sote tunajua ni mume. Lakini likiwa kitenzi, ni kutumia kitu kwa kubana ili kisiishe, kama unavyotumia bando mwisho wa mwezi. "Flag" ni bendera, lakini pia ni kulegea na kuishiwa nguvu. "Qualify" kwa mwandishi wa hoja si kufuzu. Ni kupunguza makali ya ulichosema, ile "ndiyo, lakini si mara zote". "Oversight" tunalisikia kila siku bungeni likiwa na maana ya usimamizi, ila linaweza pia kuwa jambo lililosahauliwa kwa bahati mbaya. Na "sanction" ndilo kigeugeu kupita yote: linaweza kuwa kuruhusu, linaweza kuwa kuadhibu. Ukikutana nalo bila kuisoma sentensi nzima, umekwisha.

La tatu: tumia akili ya Kiswahili uliyo nayo tayari. Mtu wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba maneno yana ukoo. Ukijua "soma", unaelewa somo, msomi, masomo, someka, somesha na usomaji bila kufungua kamusi. Kiingereza kizito nacho kina koo zake, nyingi kutoka Kilatini na Kigiriki. "Bene" ni wema, kwa hivyo "benevolent", "benefactor" na "benign" ni ndugu. "Mal" ni ubaya: "malevolent", "malign", "malady". "Loqu" ni kusema: "eloquent" ni mwenye ulimi, "loquacious" ni yule wa matatu asiyenyamaza kutoka Kimumu hadi stejini. Jifunze mizizi 40 hivi na utajikuta unabahatisha kwa akili, si kwa sala.

La mwisho kuhusu maneno: kila neno jipya ulitumie kabla jua halijazama. Litie kwenye ujumbe wa WhatsApp, mtanie nalo rafiki. Mwalimu wangu yule aliwahi kumwandikia naibu mwalimu mkuu kwamba wanafunzi wa Fomu 2 ni "recalcitrant". Alijibiwa kwa alama tatu za kuuliza. Neno hilo hatalisahau maisha yake yote, na wala naibu.

Sentensi ina usukani

Sasa tuone swali linavyofanya kazi. Hili nimelitunga mwenyewe:

"Although the professor was known for her candour, her remarks that day were unusually ____."

Unapewa maneno sita na kuambiwa uchague mawili yanayoifanya sentensi iwe na maana moja: "guarded", "lengthy", "circumspect", "blunt", "cheerful", "learned".

Wengi hukimbilia kuyatazama maneno kwanza. Usifanye hivyo. Funika majibu kwa mkono, usome sentensi. Neno "although" ni kama dereva anayewasha indiketa: anakuambia gari linakata kona. Profesa anajulikana kwa "candour", yaani kusema wazi bila kuficha. Kwa kuwa tumekata kona, siku hiyo alikuwa kinyume chake: alijizuia, alipima maneno. Weka Kiswahili chako kwenye pengo, "alijichunga", ndipo ufungue mkono. "Guarded" na "circumspect" yanakuja yenyewe. "Blunt" limewekwa pale kumnasa aliyekumbuka "candour" akasahau "although". Na "learned" limewekwa kwa sababu linapendeza karibu na neno profesa. Ukipata moja tu kati ya mawili, hupewi nusu alama. Ni yote au sifuri.

Maneno ya indiketa hayazidi 20: "however", "despite", "nevertheless", "albeit", "hence", "moreover" na jamaa zao. Yajue hayo kabla ya "aberrant".

Kusoma: ulifanya hivi Fomu 4

Unakumbuka karatasi ya pili ya Kiswahili, KCSE? Ufahamu alama 15, ufupisho alama 15. Tuliokuwa tunauona ufupisho kama adhabu hatukujua tunapewa silaha. Kusoma kwa GRE ni ufupisho uliovaa suti.

Soma aya ya kwanza, kisha jiambie kwa Kiswahili, kwa maneno yasiyozidi 10, mwandishi amesema nini. Fanya hivyo kila aya. Mwishoni jiulize maswali matatu: anaunga mkono nini, anapinga nini, na ana uhakika kiasi gani? Hili la mwisho ndilo huzaa maswali mengi. Mwandishi akisema jambo fulani "huenda" lilitokana na ukame, jibu linalosema ukame "ndio" chanzo ni uongo, hata kama wewe ni mtaalamu wa hali ya hewa na unajua ni kweli.

Hapo ndipo wasomi wetu huteleza. Mtu wa kilimo anapata kifungu kuhusu udongo, anafurahi, anajibu kutoka kichwani mwake. Mtihani haujakuuliza unajua nini. Umekuuliza kifungu kimesema nini. Ukiingia na elimu yako yote, iache mlangoni pamoja na viatu.

IELTS ina mtego wa jamii hiyo hiyo: kweli, si kweli, au haikutajwa. Chukua mfano. Kifungu kinasema: "Baada ya bei ya mahindi kushuka, wakulima wengi wa bonde lile walianza kupanda parachichi." Sentensi ya kupima: "Parachichi liliwaletea wakulima faida kubwa kuliko mahindi." Mtu wa Uasin Gishu anajibu kweli mara moja, maana anamjua jirani aliyeng'oa mahindi na sasa ana pikapu. Jibu sahihi ni haikutajwa. Kifungu hakikusema lolote kuhusu faida. Jirani yako hayumo kwenye mtihani.

Jambo jingine la IELTS: soma maagizo kama mkataba wa shamba. Ukiambiwa jibu lisizidi maneno mawili na wewe ukaandika matatu, umekosa, hata kama jibu limo ndani. Herufi nazo zinahesabiwa. Na usikwame: vifungu vitatu kwa dakika 60 ni dakika 20 kila kimoja, na cha mwisho kwa kawaida ndicho kigumu.

Wiki 12, si mwaka mzima

Huu ndio mpango ninaowapa watu wangu. Maneno 10 kwa siku, siku sita kwa wiki. Ya saba ni ya kurudia tu. Kwa wiki 12 hayo ni maneno 720, na ukiyajua kwelikweli yanatosha kukubeba mbali kuliko 3,500 uliyoyapungia mkono.

Kila siku soma makala moja ngumu nje ya fani yako. Mwanasayansi asome historia. Mtu wa fasihi asome kuhusu bakteria. The Conversation Africa huandikwa na wasomi na haina malipo. JSTOR hukuruhusu kusoma makala nyingi za majarida ukifungua akaunti ya bure. Ukiwa Eldoret mjini kuna maktaba ya umma, na walio karibu na Kesses wanaijua maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Moi, ile yenye jina la Margaret Thatcher. Ukitaka kujifunza Kiingereza, jina hilo mlangoni ni ishara tosha.

Kuanzia wiki ya tano, fanya mazoezi kwa saa. ETS, wenye GRE, wanatoa majaribio mawili kamili ya POWERPREP bila malipo. Usiyale yote mwanzoni kama sukari. Moja wiki ya sita, la pili wiki ya 11. Kila swali ulilokosa liandike kwenye daftari na sababu yake: sikujua neno, sikuiona indiketa, nilijibu kutoka kichwani, saa ilinikimbia. Baada ya maswali 100 daftari litakuonyesha ugonjwa wako hasa. Kuna jamaa alidhani tatizo lake ni msamiati. Daftari likamwonyesha kwamba zaidi ya nusu ya makosa yake yalitokana na kusoma haraka mno.

GRE inaweza kufanyiwa nyumbani, lakini fikiria vizuri. Inataka kompyuta halisi, si simu, chumba ambacho hakuna mtu mwingine, kamera na intaneti isiyokatika. Kama stima kwenu hupotea kila wingu likitanda, afadhali upande basi la Nairobi siku moja kabla, ulale, uamke na akili safi. Na hakikisha jina ulilojisajili nalo linalingana na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu tunaoyapanga kila siku kivyake, hapa hakuna utani.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa mpango wa masomo ya Finland na Canada. Watu waliuza mashamba na ng'ombe. Kidonda hicho hakijapona, na bado kuna watu wanaopita mitandaoni wakiahidi "majibu ya GRE" au mtu wa kukufanyia mtihani. Alama hutumwa na wenye mtihani moja kwa moja hadi chuoni, picha yako hupigwa, na ukishikwa alama zako hufutwa. Isitoshe, hata ukipenya, utafika darasani na Kiingereza cha kukodi. Ukitaka ushauri wa bure kuhusu vyuo vya Marekani, kuna EducationUSA kwenye ubalozi wao Nairobi. Yeyote anayekudai pesa ili akufungulie mlango ulio wazi, mpite.

Mwalimu wa Moiben anafanya mtihani baada ya mavuno. Ada ameshaiweka kando, na ni kweli ilitoka kwenye mahindi. Nyanyake, kogo wa miaka 80 na ushei, alimuuliza kwa nini anapimwa Kiingereza tena wakati alikipita zamani shuleni. Mwalimu alikosa jibu zuri. Nami sina. Ninachojua ni kwamba kopo la tatu sasa limejaa kuliko la kwanza, na miezi mitatu iliyopita lilikuwa tupu.

Kwa hivyo wewe uliyesoma hadi hapa: tafuta katoni, tafuta mkasi, andika maneno 10 ya leo. Ya kesho yatakuja kesho.